Kikoa hakinunuliwi, husajiliwa

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alinionyesha risiti aliyopewa na fundi wake wa tovuti, na mstari wa kwanza wa risiti hiyo ulisomeka hivi: "Kununua domeini, ya maisha." Alikuwa amelipa mara moja na kuambiwa kwamba sasa ni mali yake, na alichotaka kujua kwangu ni kwa nini tovuti haifunguki, miezi 14 tu baada ya kulipa. Jibu lilikuwa katika risiti yenyewe. Kwa kuwa yeye si wa kwanza kuniletea swali hilo, nimeona niliandike mara moja.

Kikoa, au domeini kama wengi tunavyosema, ni jina linaloiongoza kompyuta hadi kwenye seva ilikohifadhiwa tovuti au baruapepe fulani, ili watu wasilazimike kukariri tarakimu za anwani ya seva hiyo. Mfumo wenyewe ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Hayo yanatosha kuhusu fasili, kwa maana kinachowaponza watu ni kitenzi kinachotangulia jina hilo.

Kitenzi hicho, "kununua", kimeletwa na neno la Kiingereza. Asili ya neno "domeini" ni Kilatini, ambako dominus ni bwana mwenye nyumba na dominium ni umiliki wake. Likapitia Kifaransa likiwa na maana ya ardhi ya bwana, ndipo likafika Uingereza. Kwa hiyo anayesema "domeini", hata kama hajui, amebeba picha ya shamba lenye mipaka na mwenyewe, na shamba hununuliwa. Neno "kikoa" limetoka kwingine kabisa. Katika Kiswahili cha pwani, kikoa ni chakula kinacholiwa kwa ushirika, nyumba hii ikipika leo na ile ikipika kesho, na "kula kikoa" ni kula kwa zamu kwa wenzako. Katika shughuli ya namna hiyo hakuna anayemiliki kitu zaidi ya zamu yake, na zamu ina mwisho. Waliolichukua neno hili na kulipeleka kwenye intaneti, wawe walikusudia au hawakukusudia, wametupatia neno linaloeleza jambo lenyewe kwa usahihi kuliko lile la Kilatini, nasi tunaliharibu kwa kulifunga pamoja na kitenzi cha kiwanja. Tena hata kiwanja, kwa Tanzania, hakinunuliwi kwa maana hiyo ya milele: ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Kinachotolewa, basi, ni zamu. Majina yote yanayoishia kwa .com yameandikwa katika masjala moja inayoendeshwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na yale ya .ke yako chini ya KeNIC, masjala ya Kenya. Mtu wa kawaida hulifikia daftari la .com kupitia msajili, ambaye ni lazima awe ameidhinishwa na ICANN, chombo kinachosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, kilichoanzishwa mwaka 1998, na orodha ya walioidhinishwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama. Msajili huliandika jina kwa mwaka mmoja au zaidi, lakini muda wa usajili wa .com hauwezi kuzidi miaka 10. Katika daftari hilo hakuna mahali pa kuandika "maisha". Anayekuuzia domeini ya maisha ama anakudanganya, ama anakuahidi kwamba atakuwa akikumbuka kukulipia hadi mmoja wenu afe, na ahadi ya pili sioni inaizidi ya kwanza kwa lipi.

Ubaya mwingine wa "kununua" ni kwamba huyaelekeza macho kwenye fedha badala ya daftari. Ukinunua friji, risiti yako ndiyo ushahidi wako. Kwenye vikoa, anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mwenye usajili, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako. Mafundi wengi wa tovuti husajili vikoa vya wateja kwa majina yao wenyewe, baadhi kwa uvivu tu na baadhi kwa hila, na siku mnapokosana ndipo mteja anapogundua kwamba jina la duka lake liko mikononi mwa mtu mwingine. Unaweza kuulizia kumbukumbu za kikoa katika lookup.icann.org, ambapo utaona tarehe ya mwisho wa usajili na jina la msajili, ingawa jina la mwenye usajili siku hizi mara nyingi hufichwa kwa sababu za faragha. Ndiyo maana jambo la kumdai fundi, kabla hata ya risiti, ni akaunti kwa msajili iliyofunguliwa kwa jina lako na kwa baruapepe yako. Baruapepe hiyo isiwe ya kikoa kilekile, kwa sababu usajili ukikatika nayo hukatika, na notisi zote zinakwenda mahali usipoweza kuzisoma.

Vitenzi viwili vingine vinavyochanganywa, na ambavyo matapeli wanavipenda sana, ni kuhuisha na kuhamisha. Kuhuisha ni kumlipa msajili wako uliye naye ili zamu iendelee; kuhamisha ni kukitoa kikoa kwake na kukipeleka kwa mwingine. Mwenye kikoa huletewa karatasi yenye sura ya ankara, ikimwonya kwamba usajili wake unakaribia kwisha, na akiilipa huwa amekubali kuhamia kwa msajili asiyemjua, tena kwa bei ya juu zaidi. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua za kisheria kampuni iliyoitwa Domain Registry of America kwa barua za namna hiyo hasa. Kuhamisha kikoa cha .com kunahitaji namba ya siri inayotolewa na msajili wa sasa, ilhali kuhuisha hakuihitaji kabisa. Kwa hiyo anayekuomba namba hiyo "ili akuhuishie" amekwisha kujitambulisha.

Mahali pamoja tu sikipingi sana kitenzi "kununua", napo ni pale unapolichukua jina kutoka kwa mtu aliyekwisha kulisajili, ingawa hata hapo unachonunua ni zamu iliyobaki pamoja na haki ya kuihuisha. Mwambie muuzaji aweke neno utakalomchagulia katika rekodi za kikoa hicho, jambo ambalo asiyekidhibiti hawezi kulifanya, na fedha zishikwe na kampuni ya kati hadi jina lionekane katika akaunti yako. Anwani ya kampuni hiyo iandike kwa mkono wako mwenyewe badala ya kubofya kiungo alichokutumia muuzaji, kwa kuwa tovuti bandia za kushikilia fedha zipo na zimetengenezwa vizuri. Hila hiyo ina upande wa pili pia: mtu usiyemjua huandika akitaka kukupa bei kubwa kwa kikoa chako, kisha anasisitiza kwamba kwanza ulipie cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, naye hutoweka punde cheti kinapolipiwa.

Mfanyabiashara wangu alikuwa na bahati. Kikoa cha .com kilichofutwa baada ya muda kwisha hubaki siku 30 katika kipindi cha ukombozi, ambapo mwenye usajili anaweza kukirudisha kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, na fundi alipatikana kwenye simu siku hizo zikiwa hazijaisha. Akaunti sasa ni ya mteja mwenyewe. Bado ananiambia kwamba "ameinunua tena" domeini yake, nami humjibu taratibu: umeihuisha, mzee wangu, mpaka Juni mwakani.