Ian Holm, mwigizaji wa watu wenye la kuficha

Wengi wanamfahamu Ian Holm kwa sura ya Bilbo Baggins, yule mzee mfupi wa The Lord of the Rings anayepata shida kuiachia pete. Mimi nafundisha uigizaji, na katika waigizaji wote wa Uingereza huyu ndiye ninayewaonyesha wanafunzi mara nyingi zaidi. Karibu kila mtu aliyemwigiza alikuwa na siri, naye hakuhangaika kutuonyesha siri hiyo. Aliificha kwa bidii ileile ambayo mwenye siri huificha. Wanafunzi wangu wengi hufanya kinyume: ukimwambia mhusika wake ana majonzi, machozi yanaanza kumtoka kabla hajafungua mdomo.

Alizaliwa mwaka 1931 Goodmayes, Essex, wazazi wake wakiwa Waskoti. Baba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kijana akaingia RADA, chuo cha maigizo cha London, mwaka 1950, masomo yakakatizwa na jeshi la lazima, na mwaka 1954 akafika Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare, kuigiza askari asiye na maneno, abebaye mkuki nyuma ya waigizaji wakubwa. Mwongozaji Peter Hall alipoanzisha kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company, Holm akakulia humo. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa ameshaigiza Richard III na Henry V, wafalme wa Shakespeare, na Henry hasa watu walimtarajia awe mwanaume mrefu wa kifua kipana. Holm hakuwa na kimo hicho.

Lakini kazi ninayoirudia darasani ni The Homecoming, tamthilia ya Harold Pinter, iliyofunguliwa London mwaka 1965. Holm alikuwa Lenny, mhuni nadhifu anayeishi na baba na ndugu zake katika nyumba isiyo na mwanamke. Usiku anamkuta sebuleni Ruth, mke wa kaka yake, ambaye hajawahi kumwona. Anamsimulia visa vya jinsi alivyowapiga wanawake, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Kisha anataka kumwondolea glasi ya maji iliyo mbele yake. Ruth anamjibu kwamba akiichukua glasi, yeye atamchukua Lenny. Anamwalika aketi mapajani mwake anyweshwe kama mtoto, kisha anayamaliza maji mwenyewe, anapanda ngazi. Lenny, aliyekuwa akitisha, ndiye anayebaki chini akipiga kelele.

Kimya cha Pinter kimeandikwa kabisa kwenye mswada, na mwigizaji dhaifu hukitumia kusubiri zamu yake. Mtazame Holm katika filamu ya 1973 ya tamthilia hiyo: kwenye kila kimya yuko kazini, anapima, anabadili mbinu, anafunika hofu kwa tabasamu. Toleo la jukwaani la New York lilimpa Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, mwaka 1967.

Halafu ukaja mwaka 1976. Alikuwa anajiandaa kuigiza Hickey katika The Iceman Cometh ya Eugene O'Neill, mchuuzi anayeingia baa akiwahubiria walevi waache kujidanganya, huku mwenyewe akiwa amemuua mkewe. Ni mzigo mkubwa wa maneno, na hotuba ya mwisho ni ndefu kupita kiasi. Katika maonyesho ya awali, kabla ya ufunguzi rasmi, maneno yakamkimbia mbele ya watu. Akatoka jukwaani. Igizo likaendelea bila yeye, na kwa zaidi ya miaka 15 iliyofuata alipanda jukwaani kwa nadra sana.

Watu hudhani woga wa jukwaa ni ugonjwa wa wanaoanza. Huyu alikuwa na miaka zaidi ya 20 kazini. Ninavyoulewa mimi, tatizo si kumbukumbu. Maneno yapo, ila akili imeacha kumsikiliza mwenzako na kuanza kujisikiliza yenyewe: je, sentensi inayofuata ninayo? Ukishajiuliza hivyo, huna. Kwenye filamu mwongozaji anakata na mnarudia. Jukwaani hakuna anayekata, na watu mamia wanakutazama. Nalisema hili darasani waziwazi, kwa sababu nimeona vijana wenye kipaji wakiacha fani wakiamini ni wao peke yao.

Kamera ikampokea. Katika Alien ya 1979 yeye ni Ash, mwanasayansi wa chombo cha anga ambaye kumbe ni roboti, na ukiirudia filamu ukishajua hilo, utaona alivyokuwa akiificha tangu mwanzo kwa upole wake.

Chariots of Fire, 1981, ndiyo iliyomfikisha kwenye orodha ya Oscar. Alimwigiza Sam Mussabini, kocha wa mkimbiaji Harold Abrahams. Kwa kuwa ni kocha wa kulipwa, na michezo hiyo ilikuwa ya ridhaa, hatakiwi uwanjani katika Olimpiki ya Paris ya 1924, kwa hiyo fainali ya mita 100 inamkuta chumbani hotelini, haoni kitu. Kisha unasikika wimbo wa taifa wa Uingereza, na dirishani bendera inapanda. Anasimama, anavua kofia yake ya majani makavu. Anakaa kitandani. Halafu ngumi moja inapita katikati ya kofia. Miaka yote ya kubezwa imo kwenye ngumi hiyo, na hajatazama upande wetu hata mara moja. BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, alipata; Oscar ikaenda kwa John Gielgud.

Jukwaani alirudi kwa uzito mwaka 1993, katika Moonlight ya Pinter, akiigiza mtu anayefia kitandani. Miaka minne baadaye akawa King Lear, mfalme mzee wa Shakespeare, chini ya mwongozaji Richard Eyre, katika ukumbi mdogo kuliko kumbi zote tatu za National Theatre, watazamaji wakiwa karibu kabisa. Kwenye onyesho la tufani, mfalme anaporukwa na akili, alivua nguo zote. Wapo walioona amezidisha. Mimi naona ndipo mtu aliyeigiza wafichaji maisha yake yote alipokataa kubakiza kitu. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Olivier, ya maigizo ya London, kwa Lear huyo, na mwaka huohuo akapewa cheo cha Sir.

Bilbo alikuja baadaye. Kabla yake, mwaka 1981, alikuwa ameshakuwa Frodo, anayeirithi pete ya Bilbo, kwenye redio ya BBC. Filamu za The Hobbit zilipotengenezwa New Zealand afya haikumruhusu kusafiri, hivyo sehemu zake zikapigwa Uingereza. Alifariki Juni 2020 akiwa na miaka 88, kwa maradhi yaliyohusiana na Parkinson.

Anayetaka kumsoma kwa makini aanze na The Sweet Hereafter ya 1997. Kwenye ndege, wakili anamsimulia msichana aliye kiti cha jirani siku binti yake mdogo alipoumwa na buibui akavimba, naye akampakata kwenye gari hadi hospitali akimwimbia, mkononi ana kisu tayari kumtoboa koo pumzi ikifunga. Anasimulia taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeombwa maelezo. Itazame mara ya pili bila sauti, ufuate macho tu.