Je, wajua kwa nini sala iliyoanza na "nakushukuru" haikupokelewa?

Jumapili ya mavuno hapa Tabora kanisa huwa na harufu ya shamba. Madumu ya asali, magunia ya mahindi, karanga, jogoo aliyefungwa miguu chini ya benchi. Ibada ikiisha, vyote vinapigwa mnada nje chini ya mwembe. Kabla ya hapo watu husimama mmoja mmoja kutoa shukrani. Mwaka mmoja mkulima alisimama akasema, "Namshukuru Mungu tumbaku yangu imepata daraja zuri, maana ya wenzangu wengi imerudishwa." Tukaitikia amina, nami nikiwamo.

Njiani kurudi nyumbani ile sentensi ilinirudia. Niliwahi kuisikia mahali, tena kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo.

Ni katika Injili ya Luka, sura ya 18. Yesu anasimulia habari za watu wawili waliopanda kwenda hekaluni kusali, Farisayo, yaani mtu wa kundi la Wayahudi lililoshika sana sheria ya dini, na mtoza ushuru. Farisayo anaanza hivi: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Anawataja wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, kisha anamnyoshea kidole jirani yake aliyesimama mbali. Mtoza ushuru hathubutu hata kuinua macho. Anajipigapiga kifua, anasema neno moja tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Yesu anasema huyu wa pili ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Hapo ndipo penye fumbo. Shukrani ni jambo jema, na kati ya wawili hao aliyeshukuru ni Farisayo. Mbona yeye ndiye aliyerudi mikono mitupu?

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa mnafiki. Lakini hadithi yenyewe haisemi alidanganya hata neno moja. Anasema anafunga mara mbili kwa juma, na Torati ilidai mfungo mmoja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Anasema anatoa zaka ya mapato yake yote. Mtu wa namna hiyo leo tungemchagua mzee wa kanisa bila kura ya pili. Mtoza ushuru, kwa upande wake, hakuwa masikini wa kuonewa huruma. Watoza ushuru wa enzi za Warumi walijulikana kwa kutoza zaidi ya kiwango na kutia tofauti mfukoni. Ndiyo maana Yohana Mbatizaji, walipomwendea kubatizwa, aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa. Mfanyabiashara yeyote aliyepitisha magunia yake kwenye geti la ushuru wa mazao akatozwa zaidi ya stakabadhi anaweza kuelewa wasikilizaji wa Yesu walivyoshtuka.

Kasoro iko kwenye orodha ya shukrani yenyewe. Ipitie taratibu: mimi si kama hawa, mimi nafunga, mimi natoa. Hakuna hata kitu kimoja alichopewa. Yote ni aliyoyafanya yeye. Anatamka neno la kupokea huku akisoma hesabu ya kutoa. Wala haombi chochote, hata msamaha, hata mvua. Mtume Paulo baadaye aliwauliza Wakorintho swali ambalo lingemfaa sana mtu huyu: "Nawe una nini usichokipokea?"

Mimi jambo hili nilifundishwa kabla sijajua kusoma. Kwa Wanyamwezi mtoto hapokei kitu kwa mkono mmoja. Bibi alikuwa akinipa sahani ya viazi, nikinyoosha mkono mmoja anairudisha kwake kimya kimya, anasubiri. Nikipiga goti, nikaweka mikono miwili pamoja na kusema "wabeja", yaani asante, ndipo inashuka. Wakati ule niliona ni adabu tu. Sasa naona goti na "wabeja" vilikuwa vinasema kitu kimoja: hiki si changu, nimepewa. Unyenyekevu na shukrani vilikuwa tendo moja kwa mtoto wa miaka mitano. Farisayo alivitenganisha, akabaki na neno bila goti.

Naposema goti simaanishi mkao wa mwili. Wale wawili hekaluni walisali wamesimama wote, kama ilivyokuwa kawaida ya Wayahudi. Hata Wakristo wa mwanzo walisali sana kwa kusimama, na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza watu wasipige magoti siku za Jumapili, bali wasali wamesimama. Goti linaweza kuwa chini na moyo ukabaki juu.

Luka mwenyewe anaonyesha unyenyekevu na shukrani vikiwa pamoja sura moja tu nyuma. Wakoma kumi wanaponywa. Mmoja, Msamaria, anarudi, anaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu na kumshukuru. Hajilinganishi na wale tisa ambao hawakurudi, ingawa angekuwa na sababu. Yesu ndiye anayeuliza wako wapi.

Misa ya Kikatoliki nayo imepanga maneno kwa utaratibu huo. Waumini wanaanza kwa kujipiga kifua, "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana", kama yule mtoza ushuru. Baadaye ndipo unakuja wimbo wa Utukufu, wenye maneno "tunakushukuru kwa ajili ya utukufu wako mkuu". Wanashukuru kwa ukuu wa Mungu mwenyewe, kabla ya kutaja chakula, afya au mavuno. Na neno Ekaristi lenyewe, jina la sakramenti ya mkate na divai, kwa Kigiriki maana yake ni shukrani.

Basi je, ni kosa kushukuru kwamba baya lililompata mwenzako halikukupata wewe? Tunapita penye ajali, basi limelala ubavu, na moyo unasema asante Mungu sikuwamo. Sidhani ni kosa. Ni hofu ya binadamu. Lakini sala hiyo inapaswa kuendelea mpaka iwafikie waliokuwamo, iwaombee, na ikibidi ishuke garini kuwasaidia. Farisayo alimwona mwenzake hekaluni, akamtumia kama kipimo tu. Yule mkulima wa tumbaku angeweza kuongeza sentensi moja kuhusu wenzake waliorudishiwa mzigo, nasi tulioitikia amina tungeweza kuwakumbuka.

Bibi, akiwa na mvi kichwa kizima, alikuwa akiletewa maji na mjukuu, naye bibi anapokea kikombe kwa mikono miwili, anainamisha kichwa kidogo, anasema "wabeja", kisha ndipo anakunywa.