Kabati la vioo linavyoua vitabu

Kazi yangu ni kujalidi na kukarabati vitabu hapa Tanga. Wateja wangu wengi hawana maktaba. Wana rafu moja, pengine mbili, sebuleni. Huniita masika yakishaisha, chumba kizima kinanuka ukungu.

Mara nyingi chanzo ni kabati la vioo. Linapendeza, sikatai, na mgeni huliona kabla hajakaribishwa kiti. Lakini limefungwa kwa ufunguo na kugandamizwa ukutani, na kuta zetu za pwani zinafyonza maji. Ndani hewa haitembei. Unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, ukungu huota, ukala gundi ya uti, yaani mgongo wa kitabu, na kitambaa cha jalada.

Mwenye mapenzi na vitabu hasa utamjua kwa rafu iliyo karibu na kiti anachokalia. Msahafu au Biblia juu kabisa, hilo halina mjadala. Chini yake Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lile toleo la 1981, uti umeachia. Kisha riwaya zilizovishwa kalenda za zamani, maana majalada yenyewe yalishachanika. Kwa mzee mmoja nilikuta daftari linaning'inia kwa kamba kwenye msumari wa rafu: nani kaazima nini, lini. Wengine humo walishafariki. Hajawafuta, na nafasi za vitabu vyao hajazijaza.

Vitabu vya rafu hiyo vimechakaa, pembe zimekunjika, kurasa zina alama za vidole. Ukungu hamna. Vinatolewa na kupekuliwa kila mara, hewa inapita. Mimi naona heri niletewe hivyo: uti uliokatika nitaushona upya, lakini doa la ukungu likishaingia kwenye karatasi halitoki.

Basi, sogeza kabati lako vidole vitatu kutoka ukutani, hasa kama ni ukuta wa nje, na siku kavu liache wazi. Usibananishe vitabu. Ukitoa kimoja, kishike katikati ya uti, usikivute kwa ncha ya juu ya uti. Karafuu wengi huweka. Zinanukia, ila dawa ya ukungu sizo.

Kitabu kilichokwisha kuota ukungu kitenge na vingine, kikaushe kivulini penye upepo, ndipo ukipanguse nje kwa brashi laini, umevaa barakoa. Juani usikianike: jalada litapinda na gundi itakatika.