Je, wajua kwa nini kidonda kilichofunikwa kinapona haraka kuliko kilichoachwa "kipigwe upepo"?

Mdogo wangu aliteleza na bodaboda kule Nkuhungu mwezi wa saba, goti likachubuka lote. Kufika nyumbani kila mtu akawa daktari, huyu kashika spiriti, yule anapasua kapsuli za rangi mbili amwagie ule unga, na bibi anasema kiacheni wazi kipigwe upepo kikauke. Na upepo wa Dodoma mwezi huo mnaujua, kanga inakauka kwenye kamba hujamaliza hata kufua ya pili.

Kikakauka kweli. Kikaweka kigaga kigumu cheusi, akikunja mguu tu kinapasuka, damu upya, hivyo hivyo wiki tatu.

Kumbe hili swali lilishajibiwa tangu 1962. Mtafiti wa Uingereza, George Winter, alichukua nguruwe (ngozi yao inakaribiana na yetu) akawawekea vidonda vidogo, vingine akaviacha wazi vikauke, vingine akavifunika na nailoni nyembamba. Vilivyofunikwa vilifunga ngozi mpya kwa kasi kama mara mbili.

Sababu ni kwamba seli za ngozi mpya zinatambaa, zinatoka pembeni ya kidonda na kwenye mizizi ya vinyweleo zinaelekea katikati, na zinahitaji unyevu ili zitambae. Juu pakikauka inabidi zichimbe njia chini ya kigaga kutafuta penye majimaji, safari inakuwa ndefu. Na yale majimaji mepesi ya njano tunayokazana kuyafuta sio usaha, yamebeba seli za kinga na kemikali zinazoziita seli nyingine zije kujenga. Usaha ni mzito, mara nyingi unanuka, na kidonda kinauma zaidi na kuvimba.

Ndo maana pia bendeji kavu ikigandia halafu ukaivuta kwa nguvu unang'oa ngozi changa iliyojengwa siku nzima. Ilowesheni kwanza na maji safi jamani, itaachia yenyewe.

Kwa mchubuko wa kawaida: osha kwa maji safi mengi mpaka mchanga wote utoke, paka mafuta ya mgando kidogo, funika, badilisha kila siku au kikichafuka. Unyevu tu, sio kuloana mpaka ngozi ya pembeni iwe nyeupe. Spiriti inaua na seli zako mwenyewe. Kama kimeingia ndani sana au kina uchafu wa barabarani nenda hospitali, na uulizie sindano ya pepopunda.

Vidonda ni somo zima, kule Cardiff, Wales, mwaka 1991 kilianzishwa kitengo cha utafiti cha chuo kikuu kazi yake ikiwa ni kuponya vidonda tu. Wataalamu wa vidonda wanahangaika sana na vile sisi tunaita donda ndugu, miezi inapita hakifungi, na mara nyingi chanzo hakipo kwenye kidonda chenyewe, kipo kwenye mishipa ya damu ya mguu, au sukari.

Sukari ndo inaniumiza roho zaidi maana inaua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mzee anakanyaga mwiba wa mgunga asubuhi shambani, umepenya kandambili, yeye anakuja kuugundua jioni anaosha miguu, au haugundui kabisa. Kama unaye nyumbani mmulike nyayo kila jioni kwa tochi ya simu, hata akikwambia hakuna panapouma, maana huko kutouma ndo ugonjwa wenyewe.