Df haidanganyi, na mengine ambayo nimechoka kuyarudia

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena, ile ile, ya df na du. Hizi ni amri mbili za Linux za kupima diski: df inaonyesha diski nzima imejaa kiasi gani, du inajumlisha ukubwa wa mafaili. Kijana wa duka moja la jumla hapa Ngamiani, Tanga, seva yao iko chini ya meza pembeni ya magunia ya unga, kaunta zote tatu zimeganda. "Shikamoo kaka, diski imejaa asilimia mia, nimefuta logi (faili ambalo programu inaandikia kumbukumbu zake) GB 38 nzima, nikicheki du naambiwa nimetumia GB 20 tu, nikicheki df bado mia, kuna fundi kaniambia hiyo df ina bagi (kosa la programu) nizime niwashe." Nikamwambia usizime mdogo wangu, nakuja. Nikachukua bodaboda toka Chumbageni, nafika nakuta ameshazima ameshawasha, wateja wanalipa, na yeye kafurahi: "unaona kaka, df ilikuwa imeganda tu."

Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mchana natengenezea watu seva, usiku nikipata muda nasoma ripoti za bagi za hizi amri za Linux na kutuma marekebisho madogo madogo, na naweza kusema hakuna amri inayosingiziwa kama df.

Tuelewane kwanza. `rm`, amri ya kufuta, haifuti faili, inafuta jina la faili kwenye foda. Faili lenyewe, yaani inodi (rekodi inayosema faili ni kubwa kiasi gani na data zake ziko wapi) na data zake, linabaki kwenye diski mpaka mambo mawili yatimie: majina yake yote yawe yameisha, na pasiwe na programu yoyote iliyolifungua. Sasa programu ya kaunta ilikuwa imelifungua lile faili la logi tangu ilipowashwa na inaendelea kuliandikia hata jina likishaondoka, ni sawa na kung'oa kibao cha namba mlangoni ukidhani mpangaji kahama kumbe yuko ndani anapika.

Du inatembea foda kwa foda inahesabu kila chenye jina. Df haitembei popote, inauliza mfumo wa mafaili moja kwa moja, umebakiwa na bloku (vipande vya nafasi) ngapi? Kwa hiyo du haiwezi kuliona faili lisilo na jina, ila kwa df linaingia kwenye hesabu. Zote zinasema kweli, wewe ndiye uliyeziuliza maswali mawili tofauti. Na ukizima mashine programu inakufa, faili linafungwa, nafasi inarudi, halafu mtu anatoka hapo ana ushahidi mkononi kwamba df ilikuwa imeganda. Ndio maana hii dhana haifi jamani! Watunzaji wa coreutils, mkusanyo wa amri za msingi, ambao ndio wenye df, du, rm, ls na cp, wameliweka suala la df na du kutofautiana kwenye orodha yao ya maswali yanayojirudia, na bado watu wanawapelekea kama bagi mpya.

Yule kijana angenisubiri ningempa amri moja tu, `sudo lsof +L1` (sudo inaikimbiza amri kwa nguvu za msimamizi wa mashine). Hiyo inaorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana jina tena. Angeona mstari mmoja mrefu: jina la programu ya kaunta, namba ya prosesi (programu inayokimbia) tuseme 1412, namba ya faili ndani ya prosesi hiyo 7, ukubwa 40802189312, idadi ya majina 0, na mwisho wa mstari neno deleted. Hizo namba ndefu ndio GB 38 zake alizokuwa anazitafuta. Ukishahakikisha kweli ni logi, angalia mara mbili tafadhali, unaandika `sudo truncate -s 0 /proc/1412/fd/7`, yaani likate faili libaki tupu (`/proc` ni foda ambalo Linux inaonyesha humo kila programu inayokimbia na mafaili yake), na nafasi inarudi hapo hapo bila kuzima mashine. Siku nyingine usianze na rm kabisa kwenye logi inayoandikwa, punguza kwa truncate au weka logrotate, programu ya kubadilisha na kufuta logi za zamani yenyewe, ifanye kazi yake. (Kama programu haikufungua logi kwa mtindo wa kuongeza mwishoni, ls itakuonyesha faili limerudi kuwa kubwa vile vile baada ya truncate. Usishtuke, sehemu kubwa ni tundu tupu lisilokula diski, cheki na du utaona.)

Kuna wanaouliza sasa kwa nini wasirekebishe tu. Kwa sababu sio kosa, Unix imejengwa hivyo tangu mwanzo na vitu vingi vinaitegemea. Programu nyingi zinatengeneza faili la muda na kufuta jina lake sekunde hiyo hiyo, ili programu ikifa ghafla uchafu usibaki. Apt, kisakinishi cha programu cha Debian na Ubuntu, ikibadilisha laibrari (msimbo ambao programu nyingi zinautumia pamoja) wakati programu inaitumia, ile ya zamani inabaki hai kwa ajili ya programu hiyo mpaka ifungwe, ndio maana unaweza kuapdeti seva watu wakiwa kazini. Ukiiondoa hiyo tabia unavunja vitu ambavyo hata hujui kama unavitumia.

Na hii ya "zima washa" ina gharama, mimi nimeiona. Mwaka juzi kwenye ofisi moja ya mizigo hapa mjini mtu alifuta kwa bahati mbaya faili la madeni ya wateja. Programu ilikuwa bado imelifungua, maana yake faili lilikuwa zima, kila mstari. Ungeingia kwenye `/proc`, ukaandika `sudo cp /proc/2207/fd/9 /root/madeni` kwa namba za prosesi husika, ungelipata lote kama lilivyo. Lakini alishaambiwa Linux ikichanganyikiwa dawa yake ni kuzima. Akazima. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Tulikaa na mama mhasibu siku tatu tunachomoa risiti kwenye msumari moja moja, nyingine wino umeshafifia kwa joto, yeye anasoma mimi naandika. Hilo siwezi kulisahau, kwa sababu kabla hajabonyeza kile kitufe faili lilikuwepo.

Df na du zikipishana na lsof haionyeshi kitu, sababu nyingine ni chache. Ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, kwa kawaida inatenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, kwenye TB 1 hiyo ni kama GB 50. Au umeunganisha diski nyingine juu ya foda lenye mafaili, yale ya chini yamefunikwa. Au nafasi ipo ila inodi zimeisha, angalia `df -i`, hii nakutana nayo kwenye seva za barua pepe zenye vifaili vidogo maelfu kwa maelfu.

Sasa lawama nyingine ninazozisikia kila siku. "RAM imejaa." Haijajaa. Kwenye amri ya free umeangalia safu ya free, angalia ya available. Linux inatumia RAM iliyokaa bure kutunza nakala za mafaili na inaiachia programu ikiihitaji. Ile safu ya available iliongezwa mwaka 2014 maalumu kwa ajili ya mkanganyiko huu, keneli (kiini cha Linux) 3.14 na procps-ng, mkusanyo wenye amri ya free, 3.3.10. Na kama una kazi kwenye cron, kipanga-saa cha Linux, inayoandika 3 kwenye drop_caches (amri ya kutupa zile nakala) kila saa, ifute leo, unailazimisha diski isome upya vitu ambavyo vilikuwa tayari mkononi.

"Sort (amri ya kupanga mistari) imeharibika, haipangi sawa." Inapanga kwa kanuni za lugha ya mashine yako, ambazo mara nyingi hazijali herufi kubwa wala alama. Mashine mbili lugha mbili, mpangilio tofauti, halafu comm, amri ya kulinganisha mafaili mawili yaliyopangwa, inalalamika faili halijapangwa. Kwenye skripti zangu zote mstari wa juu kabisa ni `export LC_ALL=C`, unaolazimisha kanuni moja kila mashine, na nawashauri mfanye hivyo hivyo.

"Hizi amri ni za zamani, zimeshakamilika, usiguse." Hii inanipa hofu kuliko hasira. Kuna mteja anajisifia seva yake haijaapdetiwa tangu 2013. Sasa sikiliza: bash, programu inayopokea amri unazoandika, ilikaa na tundu la usalama la Shellshock tangu 1989, limekuja kujulikana Septemba 2014, miaka 25. Sudo ilipata tundu mwaka 2011 lililomwezesha mtumiaji yeyote wa kawaida wa mashine kuwa root, limetangazwa Januari 2021. Jahazi zuri linalokwenda Pemba na kurudi bado linapandishwa ufukweni kukalafatiwa, kila mtu wa hapa Tanga analijua hilo. Na dunia ya chini yake inabadilika pia, kwa mfano cp tangu coreutils 9.0 ya mwaka 2021 inajaribu yenyewe kushirikisha bloku badala ya kunakili kwenye mifumo ya mafaili ya Btrfs na XFS. Kazi haijawahi kuisha.

Ila msiende upande wa pili mkasema namba ya toleo ikiwa ndogo basi mashine ina tundu. Distro (matoleo ya Linux kama Ubuntu) zinachukua kiraka tu, yaani marekebisho ya tundu lenyewe, na kukibandika kwenye toleo la zamani. Ubuntu 20.04 ilirekebisha lile tundu la sudo kwenye 1.8.31-1ubuntu1.2, mwanzo wa namba haukubadilika, mkia ndio umebadilika. Njia ya kupima ni kuandika `sudoedit -s /` kama mtumiaji wa kawaida: jibu likianza na sudoedit una tatizo, likianza na usage umepona. Mkaguzi mmoja alitaka nibadilishe sudo nzima kwa mkono kwa sababu tu kaona 1.8, nikamfanyia hicho kipimo mbele yake.

"Programu huria ina watu wengi wanaiangalia, mimi nitaripoti nini." Xz, inayobana mafaili kwenye karibu kila distro, kwa miaka mingi ilikuwa mabegani mwa mtu mmoja, Lasse Collin. Aliyekuja kama msaidizi na kuaminiwa ndiye aliyeingiza mlango wa siri kwenye 5.6.0 na 5.6.1. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, hakuwa hata kwenye mradi. Aliona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula CPU kuliko kawaida, akafuatilia, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Nusu sekunde! Angesema zima washa tungekuwa wapi. Ukiona kitu kisichoeleweka kiripoti, weka `--version`, weka lugha ya mashine, weka amri fupi kabisa inayorudia tatizo na ulitegemea nini. C, lugha ambayo amri hizi zimeandikwa, si lazima ujue. Mimi marekebisho yangu ya kwanza yalikuwa sentensi moja kwenye ukurasa wa man, yaani maelezo ya amri.

La mwisho ni date, amri ya tarehe, kwa sababu nimeulizwa jana. Tarehe 31 Machi 2025 ukiandika `date -d 'last month'` inakupa 3 Machi. Sio bagi, imerudi mwezi mmoja ikaangukia 31 Februari, siku ambayo haipo, Februari ya mwaka huo ina siku 28, zile tatu zilizozidi zikamwagikia Machi. Skripti ya ripoti inayokimbia siku ya mwisho wa mwezi inaruka Februari nzima na hakuna anayejua mpaka mhasibu aulize. Anza katikati ya mwezi, `date -d "$(date +%Y-%m-15) -1 month" +%Y-%m`, hiyo inakupa 2025-02 hata ukiikimbiza tarehe 31.