Mgonjwa wa akili naye apimwe mwili

Swali: Ndugu yetu tulimpeleka Hospitali ya Ligula, Mtwara, kwa sababu hapati usingizi na anaongea peke yake. Mbona daktari alianza kumpima joto, presha na damu?

Jibu: Kwa sababu si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, ambayo bado inatusumbua Mtwara na Lindi, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka na figo zilizoshindwa kazi huweza kumfanya mtu aropoke, aone visivyoonekana na asiwatambue jamaa zake. Mtu aliyekuwa timamu juzi, leo mara anaelewa mara haelewi, atafutiwe kwanza ugonjwa wa mwili. Kupima sukari kwa tone la damu kidoleni ni kazi ya dakika moja tu, ilhali sukari ikibaki chini kwa muda mrefu huweza kuharibu ubongo.

Swali: Akishatulia kwa dawa, vipimo ni vya nini tena?

Jibu: Dawa zenyewe zina gharama mwilini. Olanzapini na klozapini, ambazo ni dawa za ugonjwa wa akili, huongeza uzito, sukari na mafuta kwenye damu, na huku kwetu unene husifiwa, ndiyo maana familia husema "amepona" wakati kisukari kinaanza. Uzito, mzunguko wa kiuno, presha na sukari hupimwa kabla ya kuanza dawa, baada ya miezi 3 hivi, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Klozapini inaweza pia kupunguza chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili na maambukizi, hivyo anayeitumia akipata homa au maumivu ya koo awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa haloperidoli, daktari huangalia kukakamaa, kutetemeka na midomo inayochezacheza yenyewe. Kwa lithiamu, dawa nyingine ya akili, hupimwa figo na tezi ya shingo.

Swali: Akilalamika kifua kinauma, tutajuaje kuwa si mawazo yake?

Jibu: Hamwezi kujua, na hata mhudumu hajui mpaka ampime. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa maradhi ya mwili yanayozuilika, yakiwemo ya moyo.

Swali: Na akikataa kuguswa?

Jibu: Aelezwe kila hatua kabla ya kuguswa, na mwanamke apimwe akiwepo muuguzi wa kike. Kama hakuna dalili ya hatari, kipimo kinaweza kungoja kesho. Nanyi nendeni na dawa zake zote, za kienyeji zikiwemo.