Kwa nini kapasita mbili tu zinatosha kuzamisha kiki ya mashine ya midundo?

Ukifungua mashine ya bei nafuu ya analogi, hutakuta kiki (ule mdundo mzito wa ngoma kubwa) iliyorekodiwa humo. Kila kiki inapopigwa, mshtuko mfupi wa umeme huingia kwenye saketi ya amplifaya ndogo, kapasita mbili (vipande vinavyohifadhi chaji) na rezista mbili (vinavyozuia mkondo). Saketi hutikisika kama kengele iliyogongwa, kisha hutulia. Roland TR-808 ya mwaka 1980 nayo hutoa kiki yake kwa njia hiyo.

Kapasita kubwa huchelewa kujaa na kumwaga chaji, kwa hiyo mtikisiko unakuwa wa polepole na sauti inashuka, yaani inakuwa nzito zaidi. Ukizifanya zote mbili kuwa kubwa mara mbili, kiki inashuka oktavu nzima (mitikisiko kwa sekunde inakuwa nusu) na inachukua muda maradufu kuzimika. Ukiikuza moja tu, inashuka nusu oktavu.

Huhitaji kung'oa chochote, maana kapasita zikiunganishwa sambamba thamani zake hujumlishwa. Tuseme zilizomo ni za nF (nanofaradi) 15. Lehemu ya nF 6.8 mgongoni mwa kila moja: unapata nF 21.8, na kiki ya Hz 80 inateremka hadi kama Hz 55. Hapo panatosha. Ukishuka hadi Hz 40, spika ndogo itakupa mlio wa "tik" tu, nawe utadhani umeiua mashine. Chagua kapasita za filamu. Nyingi za seramiki hubadilika thamani kwa joto na volteji.

Kuzipata: toa betri na adapta, kisha tafuta karibu na amplifaya ya kiki kapasita mbili zenye thamani moja. Kwa kawaida huchangia mguu, na multimita ikiwa kwenye kipimo cha mlio itakuthibitishia. Kabla ya kulehemu, shikiza zile mpya kwa vibanio, rudisha betri, usikilize.

Ukitaka kuwasha na kuzima badiliko hilo, tumia swichi ya nguzo mbili (swichi mbili zinazosogezwa na kitufe kimoja) ili kapasita zote ziingie pamoja. Hapa ndipo wengi huharibu. Sehemu hiyo ya saketi hunasa kelele upesi, kwa hiyo waya ukizidi sentimita 10 hivi unaweza kuleta mvumo wa umeme wa nyumbani. Na waya ukivutwa hung'oa shaba ya bodi. Ubanie kwa gundi ya moto kabla ya kufunga kasha.

Wanaopenda kushusha na kupandisha kiki kwa kitufe cha kuzungusha huweka potenshiometa (rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha) badala ya ile rezista inayoshuka kwenye ardhi ya saketi, yaani upande wake wa volti sifuri. Sawa, ila tanguliza rezista ya kudumu kwa mfululizo. Bila hiyo, kitufe kikifika mwisho upinzani unakuwa sifuri, na kiki inageuka kelele au inanyamaza kabisa.

Mashine inayocheza sampuli (sauti zilizorekodiwa) haiguswi na haya yote. Humo sauti hushuka kwa kupunguza kasi ya saa ya chipu, na mara nyingi tempo hushuka nayo.